Hela za Masoko

Kwetu Tukuyu ukimwambia mtu unakwenda kambini atakuuliza ni kambi ipi. Kuna kambi ya JKT. Kuna kambi ya timu ya mpira inapojiandaa na mechi. Kuna makambi ya Wasabato, na kambi za vijana wa Moravian ambako mnalala madarasani juu ya mikeka na kuimba mpaka sauti zinakauka. Lakini kuondoka kwenu, penye kitanda na bati lisilovuja, ukaenda kulala ndani ya kitambaa kando ya ziwa kwa kupenda mwenyewe! Hayo ni mambo ya Wazungu, na hata wao tunawaonea huruma.

Bibi yangu aliposikia habari hizo aliweka kikombe chini.

"Nyumba ina nini?"

"Nyumba haina neno, bibi. Nakwenda kuandika."

"Hapa huwezi kuandika?"

Jibu sikuwa nalo. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019, na tangu hapo kazi yangu ni kulima viazi vya bibi na kukaa kwenye kibanda cha kutolea pesa kwa simu, cha mtu mwingine. Usiku naandika riwaya. Nimeijaza kaunta buku moja, nimeingia ya pili. Jina lake ni *Dhahabu ya Masoko*. Shujaa wake anaitwa Jabali, kijana shupavu anayezamia ziwani na kutoka na masanduku matatu ya dhahabu aliyoificha Mjerumani. Nilikuwa nimekwama sura ya kumi na moja. Nikajisemea moyoni, mwandishi gani huyu anayeandika ziwa ambalo hajawahi kulala kando yake hata usiku mmoja?

Wazo la kwanza lilikuwa Ziwa Ngosi. Waliofika wanajua utamu wake: unashuka kwenye gari barabara kuu ya Mbeya, unakata msitu wa milima ya Uporoto, unapanda hadi magoti yanaomba msamaha, halafu ghafla ardhi inakwisha, na chini kabisa, mamia ya mita, kuna maji ya kijani yaliyotulia ndani ya shimo la volkano. Ngosi ni pa kwenda na kurudi, kwa maoni yangu. Juu kule baridi inauma, na zile kuta siyo za kushuka na sufuria mgongoni. Masoko ni jirani, kilomita kama kumi na tano kutoka Tukuyu mjini kwa njia ya Mbambo, na kuko bondeni zaidi. Tukuyu tunakaa mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba, lipo kwenye mita 840. Ukishuka unavua sweta njiani.

Hema nililiazima kwa rafiki yangu wa shule anayewabebea watalii mizigo Mlima Rungwe. Alinipa na sharti moja. "Vigingi ni kumi na viwili. Vihesabu ukitoka, vihesabu ukirudi. Kikipotea kimoja usinisalimie tena."

Bibi alikubali, ila siyo niende peke yangu. Hapo ndipo ba'mdogo, aliyekuwa kakaa mlangoni akimenya muwa, akasema, "Nitampeleka mimi."

Kukawa kimya. Bibi alimtazama, akachukua kikombe chake, akaingia ndani.

Naomba nieleze kimya kile. Watoto wa mtaani kwetu humwita ba'mdogo "Mjerumani", akiwa amekwishapita. Siyo kwa sababu ya rangi.

Msomaji wa mbali ajue kwamba pale Masoko palikuwa na kambi ya askari wa Kijerumani. Jengo lao la mawe bado limesimama juu ya ziwa, na baadaye lilikuja kutumika kama mahakama. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka upande wa Nyasaland na Rhodesia, Wajerumani wakaondoka. Wazee husimulia kwamba kabla ya kukimbia walitumbukiza ziwani silaha na mali zao, fedha zikiwemo. Na siyo maneno matupu yote, kwa sababu watoto wa pale wamekuwa wakiwauzia wageni sarafu za zamani, nyingine zina tai wa Kijerumani, nyingine za mfalme wa Uingereza. Sarafu za shaba za Mjerumani ziliitwa Heller, zilianza mwaka 1904, mia moja zikifanya rupia moja. Hela hii tunayoilalamikia kila siku jina lake limetoka huko. Yaani tangu hapo tunatamka jina la kitu tusichokuwa nacho!

Lakini Heller moja ya shaba ni Heller moja ya shaba, bwana. Sarafu za dhahabu za Mjerumani zinazojulikana, zile za rupia kumi na tano zenye picha ya tembo, zilipigwa Tabora kwenye karakana ya reli mwaka huohuo 1916, vita ikiwa imewabana. Tabora na Masoko ni wapi na wapi. Hayo nimeyajua nikiwa mtu mzima. Ba'mdogo hakuna aliyemwambia.

Mwaka 2007 walikuja watu na gari. Nilikuwa na miaka sita, nakumbuka gari. Walikuwa na kipimo, fimbo yenye waya na kisahani, kinalia kama nyuki. Walisema masanduku hayamo majini, yamezikwa nchi kavu, na wenye mali wasioonekana wanataka kulipwa kwanza. Zikatakiwa pesa za zebaki. Akatakiwa kondoo mweusi. Ba'mdogo aliuza nusu eka ya kahawa, kisha ng'ombe, kisha mabati ya jiko. Walichimba usiku wiki tatu. Siku moja gari halikurudi na simu zikawa hazipatikani. Mama mdogo aliwachukua watoto akaenda kwao Kyela. Hajarudi mpaka leo.

Sasa sikia aibu yangu. Katika riwaya yangu yumo mzee mmoja, Mzee Rupia, sura ya nne. Ni mzee mpumbavu anayechimba mashimo na kuzungumza na kondoo. Nilimweka achekeshe. Rafiki zangu wawili waliosoma walicheka hadi machozi, nami nikajiona Shaaban Robert.

Tulifika Masoko saa tisa alasiri. Tulipiga hodi kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa maana usiku ukionekana na tochi kando ya ziwa lile bila kuaga, utaulizwa na mapanga. Ba'mdogo alisalimiana naye kwa kushika mikono muda mrefu, kila mmoja akitazama pembeni. Halafu tukateremka.

Ziwa lenyewe nikuambieje? Ni duara, kama mtu amechukua kijiko akachota ardhi. Upana wake ni mita 700 hivi. Limezungukwa na miti, na maji yake yametulia kwa namna inayokufanya upunguze sauti. Wanasayansi wa Kifaransa waliwahi kuja hapa wakatoboa sakafu ya ziwa, wakatoa tope refu kama mhogo, na tabaka zake zikawasimulia mvua na ukame wa zaidi ya miaka 40,000. Hawakutaka kitu kingine, tope tu. Nilipomweleza ba'mdogo alisimama njiani.

"Walilipa kondoo?"

"Sijui, ba'mdogo."

"Hm," akasema, tukaendelea.

Kusimamisha hema ni kazi ya kumfedhehesha msomi. Nilikuwa na karatasi ya maelezo, lakini ni ba'mdogo aliyetazama mteremko, akachagua mahali, akakagua nyasi kwa fimbo akitafuta njia ya siafu. Anayetaka kulala porini Rungwe aogope siafu kabla ya chui. Wakikuingilia usiku utatoka mbio bila nguo mbele ya wakwe. Tulimwaga jivu kuzunguka hema lote. Kisha akachukua jembe dogo akachimba mfereji wa maji upande wa juu. Alichimba vizuri, bila haraka, kingo zimenyooka kama zimepimwa kwa kamba. Nilisimama na kigingi mkononi nikimwangalia, nikajikuta natazama pembeni kama yule mwenyekiti.

Kuogelea sikuogelea. Kando pale ni hatua mbili tatu, ya nne haina ardhi. Kina chake kinakaribia mita arobaini. Jabali wangu aliruka humo kwa pumzi moja akaenda hadi chini akafungua kufuli! Niliposimama ukingoni nikaona kijasho kinanitoka kwa niaba yake.

Tulichoma ndizi, tukachemsha maharage, tukanywa chai. Giza la Masoko linakuja kwa mkupuo. Vyura wakaanza. Saa mbili mvua ikashuka, ile mvua yetu isiyojua kalenda, tukajitupa ndani ya hema. Sijawahi kusikia mvua karibu namna ile. Ni kama imeshushwa juu ya kichwa chako wewe tu. Maji yalipita mferejini yakikoroma, ndani pakabaki pakavu.

"Haya," akasema ba'mdogo, "nisomee hicho ulichokuja kukiandika."

Nilisoma sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, tochi nimeibana kwapani. Alisikiliza amelala chali. Nilipofika mwisho wa ya tatu nikafunua kurasa polepole, nikaanza ya tano.

"Umeruka."

"Hapana, ba'mdogo."

"Karatasi zimepita nyingi. Nimezisikia."

Nikasoma sura ya nne. Sitaki kukuficha, msomaji, nilijaribu kubadilisha maneno nikiwa nasoma, lakini ulimi ulinisaliti. Mzee Rupia akamwomba ruhusa kondoo. Mzee Rupia akatumbukia kwenye shimo lake mwenyewe. Mzee Rupia akalia kama mtoto. Mahali wale rafiki zangu walipocheka, nilisikia mvua tu.

Nilipomaliza alikaa kimya muda. Halafu akasema, "Shimo halikuwa futi sita. Futi sita ni kaburi. Lile lilikuwa futi kumi na nne."

"Ndiyo, ba'mdogo."

"Andika. Ukipita futi tisa unakuta vijiwe vyeupe, vyepesi kama maandazi. Nilivitupa ziwani vikaelea. Jiwe linaelea! Nikajua hii ni dalili, tumefika."

Vijiwe vile mimi navijua, tulifundishwa jiografia: ni povu la volkano lililoganda, limetapakaa chini ya mashamba yetu yote. Nilifumba mdomo wangu nikaandika.

"Na hatukulia. Umesema tulilia. Siku ile ya mwisho tulikuwa tunacheka. Mtu ukichoka sana, mwenzako akiteleza, mnacheka wote mle shimoni. Nilicheka mpaka mbavu. Nilikuwa bado sijajua kuwa ni ya mwisho." Akageuka upande. "Kondoo, ni kweli, nilizungumza naye. Usiku mrefu ule, ningezungumza na nani?"

Niliandika hadi vidole vikawa baridi. Nadhani zilifika kurasa saba.

"Na huyu Jabali wako," akauliza baadaye, nikidhani amelala, "anapata?"

"Anapata. Masanduku matatu."

"Anafanyia nini?"

"Ananunua basi. Anahamia Dar es Salaam."

"Na yule mzee?"

Moyo ulinipasuka. Baada ya sura ya nne Mzee Rupia haonekani tena mahali popote.

"Hayupo tena, ba'mdogo."

"Amekufa?"

"Hapana. Nilimsahau."

"Aa," akasema. Kisha, "Zima tochi, betri itaisha."

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya maji mazima, ng'ambo haionekani. Ba'mdogo alikuwa keshawasha moto kwa kuni zilizolowa, sijui kwa uchawi gani. "Ugonile?" akanisalimu. Maana yake ni umelala? Ndiyo salamu yetu Wanyakyusa. Nikajibu, "Ndaga," kama kawaida, ingawa usingizi niliusikia kwa jirani.

Hakutaja habari za kitabu. Tulikunywa chai, tukakunja hema, nikahesabu vigingi. Kumi na moja. Nikahesabu tena. Kumi na moja. Nikamwambia ba'mdogo tuache, nitamlipa mwenzangu.

"Kitu cha watu," akasema, akapiga magoti kwenye tope.

Tulitafuta kwa mikono, tukigawana ile nyasi kama watu wanaopalilia, yeye kutoka juu, mimi kutoka chini. Nusu saa ikapita. Watoto wawili wa kijiji waliokuwa wakienda kuchota maji walisimama wakatutazama, wakanong'onezana, mmoja akaziba mdomo. Nilijua wanachosema. Ba'mdogo pia alijua, maana aliinua uso akawatazama, kisha akaendelea kupapasa kando ya mfereji wake. Alichimbua kidogo kwa vidole. Akatulia. Akavuta.

"Nimepata!" akapaza sauti, na ziwa likaurudisha ule ukelele kutoka ng'ambo. Akakinyanyua juu kigingi chenye tope, akiwaonyesha wale watoto.