Faini Inalipika, Leseni Je? Dereva wa Mombo na Chupa za Harusi

Staa wa mjini akidakwa amelewa kwenye usukani, mwisho wa stori unajulikana. Picha zinasambaa, mashabiki wanagawanyika, wakili anatokea na suti yake, faini inalipwa. Wiki mbili mbele jamaa ametoa ngoma mpya na watu wanacheza.

Sasa hamia Mombo, pale njia panda, ambapo barabara kuu ya Moshi na Arusha inaachana na ile ya kupanda Lushoto. Chukua kijana wa pale, miaka kama 27, dereva wa kosta ya Mombo–Lushoto. Gari si lake, ana tajiri. Kila jioni anapeleka hesabu, kinachobaki anagawana na konda. Jumamosi kuna harusi ya binamu yake huko juu Soni. Boha ipo, bia zipo, na baridi ya milimani nayo inachangia. Saa nne usiku mashangazi wanataka kurudi. "Tushushe Mombo baba, hizo kona si unazijua zote?" Sifa zikimpanda mtu kichwani zinalewesha kuliko boha. Anawasha gari.

Chini kuna trafiki na tochi. "Habari za safari dereva? Hebu puliza hapa."

Madereva wengi hapo wanawaza ile elfu 30 ya kosa la kawaida, unaandikiwa, unalipia kwenye simu, unasepa. Hii siyo hiyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu. Ukizidi, ni kesi ya jinai na unaenda kusimama mbele ya hakimu. Na hata bila namba, ukionekana umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, hilo nalo ni kosa linalojitegemea. Ujanja wa "mi sipulizi" hausaidii, kukataa kipimo bila sababu ya msingi kunakuongezea kosa lingine.

Kuna wajuaji wanaleta habari za Kenya. Kweli, kule walianza kutumia Alcoblow mwishoni mwa 2013, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikazikataa kanuni zake kwa sababu zilipishana na sheria mama ya barabarani. Lakini hiyo ni Kenya, na hata kule kuendesha ukiwa umelewa kulibaki kuwa kosa. Ukimwambia hakimu wa Korogwe habari za Nairobi atakuangalia tu.

Halafu inakuja sauti ya shangazi kutoka siti ya nyuma: "Mpe ya soda afande yaishe." Hapana. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inambana anayetoa sawasawa na anayepokea. Ulikuwa na kesi moja, sasa unatafuta ya pili, na hiyo ina TAKUKURU ndani yake.

Baada ya hapo ni kituoni. Dhamana ipo, ila inataka mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya mtendaji, na usiku wa Jumamosi mtendaji amelala kwake. Kosta imepaki kituoni. Jumapili hakuna hesabu. Jumatatu tajiri anapiga simu mara moja tu, na siyo kuuliza kama umekula.

Kesi ikianza ni nauli ya Korogwe kila inapoahirishwa. Siku ya hukumu ndugu wote wanauliza swali moja: "Faini shilingi ngapi?" Faini watu wanachangishana, kama walivyochangia harusi. Swali ambalo hakuna anayeliuliza ni la leseni. Mahakama ina uwezo wa kumfungia, na leseni ya daraja C kwa huyu kijana ndiyo shamba, ndiyo duka, ndiyo ada ya mtoto. Staa akifungiwa leseni anaajiri dereva. Dereva akifungiwa leseni anaajiri nani?

Na hapo gari halijagonga mtu. Ingekuwa kona moja imemshinda, wale mashangazi wangekuwa wanatafuta PF3 ili watibiwe, na yeye kesi yake ingekuwa ya majeruhi au ya kifo. Tajiri naye angekimbilia bima kubwa yake na kuambiwa dereva alikuwa amelewa, gari lako tengeneza mwenyewe.

Kinachouma zaidi ni hiki. Waliomsifia ni kumi na tano, waliomwomba awashushe ni kumi na tano, lakini kwenye hati ya mashtaka kuna jina moja. Sheria haimjui shangazi, inamjua aliyeshika usukani.

Kwa hiyo siku ya harusi dereva ajulikane mapema, na huyo anywe soda mpaka mwisho, hata wamcheke. Kama wote mmeshapiga vyombo, laleni hukohuko Soni. Jamvi lipo, chai ya asubuhi ipo, na barabara ya Mombo haihami.