Pezi Linalorudisha

Mpiga mbizi anayeshuka kwa pumzi moja hana akiba nyingine ila hewa aliyoivuta kabla ya kuzama, na kila teke la mguu hulipiwa kutoka humo. Kwa hiyo nikiyatazama mapezi ya kuzamia tangu yalipokuwa ya mpira mtupu hadi haya ya leo ya nyuzi za kaboni, naona kazi ya miaka mingi ya kupunguza hasara. Wapo wanaoamini kwamba kaboni imempa mzamiaji nguvu mpya. Siamini hivyo. Kaboni haiongezi nguvu hata chembe. Hurudisha ile uliyoitoa mwenyewe, tena kwa masharti. Asiyeyajua masharti hayo hununua kwa bei ghali kitu kitakachomchosha.

Louis de Corlieu, ofisa wa jeshi la wanamaji la Ufaransa, alipata hataza ya mapezi yake mwaka 1933. Mmarekani Owen Churchill akapata kibali cha kuyatengeneza kwao, na katika Vita vya Pili vya Dunia yakavaliwa na waogeleaji wa kijeshi wa Marekani na Uingereza. Yalikuwa ya mpira, mafupi na mazito, lakini yalimfanya mtu aende majini huku mikono yake ikibaki huru kwa kazi nyingine. Baadaye wavuvi wa mkuki wa bahari ya Mediterania wakayataka marefu zaidi, na hapo kiatu cha mpira kikaungwa na ubapa wa plastiki. Kisha ikaja faiba, hiyo hiyo tunayoijua kwenye boti. Kaboni ilichukua njia ndefu zaidi. Roger Bacon alizipata nyuzi zake imara katika maabara nchini Marekani mwaka 1958, Akio Shindo wa Japani akafungua njia nyingine miaka michache baadaye, na zilitangulia kuingia kwenye ndege, fimbo za kuvulia na vijiti vya gofu kabla ya kufika miguuni mwa wazamiaji.

Tofauti ya vitu hivi huonekana hata nchi kavu. Bana kiatu cha pezi mezani, vuta ncha ya ubapa wa plastiki mpaka ukunjike, kisha uiachie. Hurudi kwa uvivu, kwa sababu sehemu ya nguvu uliyoiweka imepotelea ndani ya plastiki yenyewe na kugeuka joto. Fanya hivyo kwa ubapa wa kaboni nao hufyatuka mara moja. Uzi wa kaboni una ukakamavu wa takriban mara tatu ya uzi wa kioo unaotumika kwenye faiba, na ni mwepesi zaidi: gramu 1.8 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, dhidi ya gramu 2.5. Ndiyo maana fundi anaweza kutengeneza ubapa mwembamba sana. Hupanga vitambaa vya nyuzi vilivyolowekwa gundi ya epoksi, tabaka juu ya tabaka, mengi karibu na kiatu na machache kuelekea nchani, kisha huvioka hadi vishikane. Mpangilio huo wa matabaka huufanya ubapa ukunjike kwa mviringo mmoja, usivunjike kiuno mahali pamoja.

Ndani ya maji, mfyatuko huo huja mguu unapogeuza mwelekeo. Teke moja likiokoa kidogo, huwezi kulihisi. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe hapa ni pumzi. Mateke ya gharama kubwa ni yale ya kuondoka chini, kwa sababu hewa ya mapafuni imeshabanwa, mwili hauelei tena, na miguu ndiyo inayoubeba. Mzamiaji wa pumzi moja Jacques Mayol alipofika kina cha mita 100 kisiwani Elba mwaka 1976, alishuka kwa uzito uliomvuta chini. Anayeshuka na kupanda kwa miguu yake hana msaada huo, na kwake ubapa ni sehemu ya hesabu ya kurudi.

Wenye shaka husema samaki wengi walivuliwa kwa plastiki, na bado wanavuliwa. Ni kweli, wala sipingi. Kwenye matumbawe ya pwani yetu, ambako mzamiaji hufuata pweza na kamba kochi katika maji ya mita chache, ubapa hugonga mwamba kutwa nzima. Plastiki hukwaruzika ikaendelea na kazi. Kaboni ikimegeka ukingoni, nyuzi huanza kuachana na ubapa unaweza kupasuka. Mahali hapo ningechagua plastiki bila kusita. Ila hoja hiyo inahusu mahali pa kutumia pezi. Hasara ya plastiki katika safari ndefu iko pale pale.

Wengine hulalamika kwamba walinunua kaboni na mapaja yakawaka moto. Hawa ndio wanaonithibitishia hoja yangu. Walidhani ugumu ndio ubora, wakachukua ubapa unaowafaa wenye miguu ya chuma. Ubapa usiokunjika hauna cha kurudisha. Kaboni laini inayolingana na mguu itamfikisha mbali mtu ambaye kaboni ngumu ingemmaliza njiani, na hata plastiki laini itaishinda hiyo ngumu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama: chombo kinachorahisisha safari humshawishi mtu aiongeze. Nalikubali kwa moyo wote. Mzamiaji huweza kuzimia akikaribia kufika juu, shinikizo la maji linapopungua na oksijeni iliyobaki ikashindwa kuutosheleza ubongo, na hapo hakuna ubapa utakaomwamsha. Atakayemwokoa ni mwenzake anayemtazama. Lakini dawa yake ni kuigawa akiba vizuri. Teke lililookolewa likitumika kuongeza kina, mzamiaji amerudi kwenye ukingo ule ule, sasa akiwa mbali zaidi na hewa. Likibaki mapafuni hadi kichwa kitoke majini, ubapa umefanya kazi yake yote.