Cherehani Haina Kiinua Mgongo



Leo siandiki habari za shela, wala rangi gani ya gauni inapendeza na hina nyeusi. Tutarudi huko, inshaallah. Leo nina jambo limenikaa rohoni tangu Shaaban.

Siku hiyo shangazi yangu alikuja kwenye kibanda changu cha kushonea, Ngamiani. Nikampa shikamoo, nikamvutia kiti, nikijua amekuja kukatiwa buibui la Ramadhani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nataka unitafutie mteja wa cherehani yangu."

Cherehani ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu naijua vizuri. Kabla sijamaliza kidato cha nne na kwenda kozi ya ushonaji, nilijifunzia pale kupinda upindo na kutia mkono wa gauni. Shangazi ameshona tangu hajaolewa, akaolewa, akaachwa, akaolewa tena, akafiwa. Watoto watatu wamesomeshwa na kanyagio lile. Mabibi harusi wa mtaa mzima wamevaa mkono wake. Sasa ana miaka 71, jicho moja lina mtoto wa jicho, na uzi hauingii tena kwenye tundu la sindano. Anataka kuuza cherehani apate pesa ya matibabu na ya futari.

Miaka yote ile ya kazi, akiba yake ni hiyo cherehani. Kikoba aliwahi kuwa nacho. Mweka hazina akahama mji usiku.

Dada yake yuko Wete, Pemba, amemzidi miaka mitatu. Yeye hakuwahi kuwa na kazi ya ofisini, alilima na kuuza mikate. Lakini Zanzibar tangu Aprili 2016 kuna pensheni jamii: kila mkaazi aliyefika miaka 70 anapewa kitu kila mwezi, awe alichangia au hakuchangia. Ilianza kwa shilingi 20,000, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Si pesa ya kujengea, lakini ni unga, mchele na heshima ya kutoomba. Huku kwetu bara pensheni ya namna hiyo kwa kila mzee hakuna. Ndugu wawili, bahari moja katikati yao, na kila mmoja ana uzee wake.

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi nina miaka 34. Nikajiuliza: nami baada ya miaka 40 nitamwendea nani na cherehani yangu?

Nikaomba kuona karatasi ya mshahara ya baba watoto. Yeye ameajiriwa. Tukakaa na kalamu. Tuseme mtu analipwa 600,000 kwa mwezi. Anakatwa asilimia 10, yaani 60,000, inakwenda NSSF, na mwajiri anaongeza 60,000 nyingine. Hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba kodi ya mshahara haihesabiwi kwenye 600,000. Inahesabiwa kwenye 540,000 zilizobaki baada ya mchango. Kwa viwango vya sasa, kodi ya 600,000 ingekuwa 36,000, na kodi ya 540,000 ni 24,000. Tofauti ni 12,000 kila mwezi. Kwa hiyo anapoweka 60,000 ya uzeeni, mfukoni mwake zinatoka 48,000 tu. Zile 12,000 ni kama Serikali imemwambia, "Weka, nitakusaidia." Kwa mwaka ni 144,000.

Hivi ndivyo kodi inavyoweza kumfundisha mtu kuweka akiba bila kumhubiria. Na si kwetu tu. Binamu yangu ni mwalimu Mombasa. Kwao, tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa pensheni usiotozwa kodi umepandishwa kutoka shilingi 20,000 za Kenya hadi 30,000 kwa mwezi.

Sasa tuje kwangu mimi fundi. Sisi wafanyabiashara wadogo tunatozwa kodi kwa mauzo ya mwaka. Ukiuza chini ya milioni 4, hulipi. Mimi mwaka jana niliuza milioni 9. Kwa kuwa naweka kumbukumbu, nilipaswa kulipa 90,000, pamoja na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7, yaani 60,000. Jumla 150,000. Ningekuwa sina daftari wala risiti, ningelipa 250,000. Dada yangu, daftari tu limeniokolea laki moja! Hilo peke yake litoshe kukufanya uandike kila doti na kila mita.

Lakini angalia hapa. Nikiweka 50,000 kila mwezi kwenye mfuko wa uzeeni, kwa mwaka ni 600,000. Kodi yangu inabaki 150,000 ile ile, maana inatazama nilichouza, haitazami nilichoweka. Mwenye mshahara akiweka akiba anapunguziwa kodi, na hana hata habari kwa kuwa mwajiri amemfanyia kila kitu. Mimi nikiweka, hakuna anayeniona. Na yule mwenye mwajiri ndiye mwenye pa kuegemea tayari.

Sisemi NSSF haitutaki. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, mfuko huo ndio wa sekta binafsi pamoja na sisi tuliojiajiri, na unaweza kujiandikisha mwenyewe na kulipa kwa simu. Mlango upo. Kinachokosekana ni kule kushikwa mkono.

Mimi si mtaalamu wa bajeti, lakini fundi anajua kupima. Naona mambo mawili yanawezekana. La kwanza, fundi, mama lishe au muuza samaki akipeleka risiti ya michango yake TRA siku ya makadirio, apunguziwe sehemu ya kodi. La pili ni kwa wale wenye mauzo chini ya milioni 4. Hao hawalipi kodi, kwa hiyo punguzo la kodi haliwafikii. Huwezi kupunguza kisichokuwepo. Shangazi yangu angekuwa humo. Hao wanahitaji nyongeza: weka elfu tano, Serikali iongeze kitu. Rwanda wamefanya hivyo. Mpango wao wa Ejo Heza ulioanza Desemba 2018 uliwaongezea wenye kipato kidogo kwenye akiba yao kwa miaka ya mwanzo. Wakenya nao walikuwa na mpango uliopewa jina la Mbao, kwa sababu mtu aliweka shilingi 20 kwa siku. Hakuna aliyeshindwa kuelewa jina lile.

Najua kuna dada atasema, "Hiyo si kukosa tawakali?" Dada yangu, Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliweka nafaka ya miaka saba kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Alikuwa na tawakali kuliko mimi na wewe, na ghala alijenga. Mwingine atasema, "Watoto wangu ndio pensheni yangu." Mashallah, Allah akuhifadhie. Watoto wa shangazi yangu ni wema, lakini mmoja anatafuta kazi, mmoja ana wagonjwa wake, na mmoja ametangulia mbele ya haki. Mtoto mwema hapunguki wema kwa kuwa mama ana chake.

Na swali la riba ni la haki, usilione aibu. Uliza pesa inazungushwa wapi, na umuulize shekhe unayemwamini. Malaysia, tangu mwaka 2017, mfuko wao mkubwa wa wafanyakazi unampa mwanachama nafasi ya kuchagua akiba yake iendeshwe kwa sharia. Nasi tukiuliza kwa wingi, tutasikilizwa. Tukikaa kimya tutabaki na upatu wa kuibiwa.

Bibi harusi wangu unayesoma hii huku umepakwa singo, nina maneno matatu kwako. Mahari yako ni yako. Usiyamalize yote kwenye zulia na makochi. Kazi ya mikono yako, hata kama ni ubuyu na vitumbua, iandikie daftari kuanzia siku ya kwanza. Na anza mapema. Pensheni ya uzeeni ya NSSF inataka miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Anayeanza na miaka 25 anaitimiza bado anacheza kwenye harusi za wenziwe. Anayeanza na miaka 55 anashindana na macho yake.

Mkae pia na mume mkazungumze, kwa adabu, kabla ya mambo kuharibika. Muulize, "Wewe una NSSF, mimi nina nini?" Mimi niliuliza. Baba watoto alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Sasa analipa umeme wa kibanda, nami ile pesa ya umeme naiweka.

Cherehani ya shangazi sikuiuza. Nimeiweka kibandani, anaishonea msichana ninayemfundisha, na kila Ijumaa shangazi anapata ijara yake mkononi. Jicho tumelipangia siku ya kufanyiwa upasuaji. Alipokuja juzi aliipapasa kwa kiganja, akasema, "Kumbe bado inanilisha."

Allah atupe riziki ya halali, afya ya macho na vidole, na uzee usiokuwa wa kuomba. Amin.