Tangu Nikae Meza ya Alama

Nashuhudia kwamba kilio cha "tumeibiwa" kimeondoka kinywani mwangu, na hakijarudi. Kwa mtu aliyelelewa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya wapenzi wa basketiboli, hilo si jambo dogo. Mechi za mchujo za NBA kwetu huonyeshwa saa tisa au saa kumi za usiku. Kukipambazuka, kesi ya marefa huwa imeshafika barazani, na haifungwi mpaka Alasiri. Wazee wana vikombe vyao vya kahawa, vijana wana simu zao, na sisi wanawake tuko juu dirishani, tunasikia yote na tunaingilia tukitaka. Katika kesi hizo nimeona watu wakisusiana wiki nzima kwa ajili ya filimbi iliyopulizwa Oakland.

Sehemu kubwa ya fainali za 2016 iliangukia ndani ya Ramadhani. Mechi ya saba, Cleveland Cavaliers na Golden State Warriors, ilianza baada ya saa tisa usiku kwa saa zetu. Tulikuwa na daku mkekani mbele ya televisheni, na adhana ya alfajiri ikaingia mchezo haujakwisha. Kaka zangu wakashuka ngazi mbio kwenda msikitini, wakarudi mbio vilevile. Mimi nilikuwa wa Warriors. Timu iliyoshinda mechi 73 kati ya 82 za msimu, nani angeikataa? Na moyoni nilikuwa nimeshaandika hukumu tangu mechi ya tano, Draymond Green wetu alipofungiwa kwa sababu ya pointi za faulo mbaya alizokuwa amejikusanyia, ya mwisho ikiwa ya kumpiga LeBron James. Mechi ya sita Stephen Curry wetu akapewa faulo yake ya sita, akarusha kinga yake ya meno kwa hasira, akafukuzwa uwanjani. Cleveland walipochukua ubingwa kwa 93 kwa 89, baada ya kuwa nyuma mechi tatu kwa moja, sikuhitaji kuambiwa na mtu. Tumeibiwa.

Miaka kadhaa baadaye nilichukua kalamu nikajumlisha mabao ya fainali ile. Katika mechi sita za mwanzo Golden State walifunga 610. Cleveland walifunga 610. Niliyajumlisha tena nikidhani nimechanganya. Watu wamepigana mechi sita na mizani haikuegemea kokote hata kwa pointi moja. Hapo filimbi yoyote, hata ya haki tupu, itaonekana ndiyo iliyoamua. Na katika mechi ya saba Warriors walikaa zaidi ya dakika nne za mwisho bila kufunga hata pointi moja, ubao ukiwa umesimama 89 kwa 89 mpaka Kyrie Irving wa Cleveland alipofunga ile ya pointi tatu. Lakini barazani mitupo ile iliyokosa haikuwa na mtu wa kuitaja. Aliyekuwa akitajwa ni Green.

Kilichonigeuza si hesabu hizo. Hesabu nilizitafuta baada ya kugeuka. Nilianza kugeuka siku mwalimu mmoja wa michezo alipokosa karani wa meza katika mechi za wasichana, akaniona nimekaa pale karibu, akaniuliza kama naweza kuandika haraka. Nikasema naweza. Akanipa kalamu mbili, nyekundu na ya buluu: nyekundu kwa robo ya kwanza na ya tatu, buluu kwa ya pili na ya nne. Akanionyesha karatasi ya alama, safu ya majina, na visanduku vitano vya faulo mbele ya kila jina, kwa kuwa kwa kanuni za FIBA, shirikisho la basketiboli la dunia, mchezaji hutoka kwa faulo ya tano, si ya sita kama NBA.

Asiyewahi kukaa meza ile hawezi kujua inavyofundisha adabu ya macho. Refa akipuliza, mkono mmoja juu, ngumi imefungwa, anakuja mpaka pale unapomwona vizuri. Anaonyesha namba ya mchezaji kwa vidole. Kisha anaonyesha aina ya kosa: mikono kiunoni ikiwa amezuia njia, kushika kifundo cha mkono ikiwa ameshika, kusukuma hewa ikiwa amesukuma. Kisha mitupo mingapi, au mpira unaanzia wapi. Karani anaandika hicho. Haandiki alichokiona yeye. Ukiwa na kalamu mkononi huna timu, na hata ungekuwa nayo, huna nafasi ya kuisemea.

Robo ile ya kwanza niliandika faulo ambayo kwa macho yangu haikuwepo kabisa. Msichana alikuwa ameruka kuzuia, mikono wima, nami niliona mpira tu ukiguswa. Upande wa pili wa uwanja watu wakapiga makofi, kwao ilikuwa wazi. Tulitazama tukio moja. Baina yangu na mgongano ule kulikuwa na mgongo wa mchezaji mwingine, na baina yao na mgongano hapakuwa na kitu. Refa alikuwa amesimama upande wao, chini ya kikapu, hatua tatu. Nikamwandikia msichana yule faulo yake, nikabaki nikiwaza ni mara ngapi nimetoa hukumu kutoka kiti kibaya, na kamera ya televisheni nayo ni kiti kimoja tu.

Tangu hapo nikaanza kutazama mpira kwa jicho jingine. Nikienda Makande, kwenye ukumbi wa nyumbani wa timu za Mamlaka ya Bandari, sikazii macho mwenye mpira peke yake. Namtazama refa anavyokimbilia mstari wa mwisho ili awahi kuona kifua cha mlinzi, na mwenzake anavyobaki nyuma kulinda mstari wa pointi tatu. Nimejua maana ya kuchezesha wakiwa wawili ilhali NBA wametumia marefa watatu kwa kudumu tangu msimu wa 1988-89. Wachezaji kumi, macho manne. Wakati wa mchujo, timu za Nairobi zinaposhuka pwani na ukumbi umejaa mpaka ngazini, kuna mtu hataacha kusema kwamba marefa wa bara hawatutakii mema. Mimi pia ni wa pwani na dhana hiyo naijua inakotoka, maana haikuanzia uwanjani. Lakini sasa humwuliza aliye karibu nami: alisimama wapi alipopuliza?

Ami yangu hakupendezwa. Yeye ndiye mzee wa baraza letu, na ana mechi moja ambayo haijamtoka: mechi ya sita ya fainali ya Magharibi, 2002, Los Angeles Lakers na Sacramento Kings. Aliiona akiwa Dubai kikazi. Robo ya nne peke yake Lakers walipewa mitupo huru 27, wakashinda 106 kwa 102, na mtetezi wa haki za wanunuzi wa Marekani, Ralph Nader, akamwandikia kamishna David Stern barua ya kulalamika. Ami huitaja 27 ile kama wengine wanavyotaja mwaka wa gharika.

"Mwanangu," aliniambia, "refa ni binadamu, na binadamu huhongwa. Donaghy je?"

Hapo ami alikuwa na hoja, na sikumkwepa. Tim Donaghy alikuwa refa wa NBA kwa miaka 13. Mwaka 2007 alikiri mahakamani kuhusika na kamari ya mechi, zikiwemo alizozichezesha mwenyewe, na 2008 akahukumiwa miezi 15 gerezani. Huo ndio wizi. Lakini ulijulikanaje? Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuwa wakifuatilia kundi la wahalifu, ndipo jina lake likajitokeza. Ulijulikana kwa fedha, kwa simu na kwa watu waliokubali kusema. Hakuna shabiki aliyemgundua kwa kutazama filimbi moja. Donaghy huyohuyo ndiye aliyedai, kupitia karatasi za mawakili wake, kwamba mechi ile ya 2002 ilipangwa. NBA wakakanusha, na dai halikuthibitishwa. Yeye mwenyewe hakuichezesha.

Nami nikampa ami namba yangu. Mechi ya saba ilichezwa Sacramento, nyumbani kwa Kings, wakapewa mitupo huru 30. Wakafunga 16. Mitupo 14 ikaenda bure, mbele ya mashabiki wao, pasipo mtu wa kuwazuia, na wakafungwa katika muda wa ziada 112 kwa 106. Ami akanyamaza, akaomba kahawa nyingine.

Kumwita mtu mwizi ni jambo zito, na nchi yetu inajua uzito wake kuliko nyingi. Sitaki tulizoee mpaka liwe salamu ya kila anayefungwa. Na kuna jambo jingine linanikera zaidi mwaka hadi mwaka: vijana wetu wengi sasa hutazama mechi wakiwa wamebeti kwenye simu. Hasira ya aliyepoteza mia tano hujifanya hasira ya haki. Nimemsikia kijana akimlaani refa kwa faulo ambayo haikubadili mshindi, ila ilibadili tofauti ya mabao aliyoibetia.

Sikuacha kubishana. Atakayedhani ushuhuda huu ni wa kuwanyamazia marefa hajanielewa. Aprili 27, 2025, Jumapili, New York Knicks walicheza na Detroit Pistons mechi ya nne ya raundi ya kwanza, na kwa bahati ilianza saa mbili usiku kwetu. Baraza lilikuwa limejaa. Knicks wako mbele 94 kwa 93, sekunde zinakatika, Cade Cunningham wa Pistons anakosa, mpira unagombaniwa, unamfikia mwenzake Tim Hardaway Jr. kwenye kona. Anadanganya kutupa, Josh Hart wa Knicks anaruka na kumwangukia mwilini, mtupo unakosa. Filimbi kimya. Mechi imekwisha.

Kelele zilizopanda mpaka dirishani sizielezi. Kisha nikasikia sauti ya ami: "Wewe wa mezani! Hebu shuka utuamue hapa."

Nilishuka. Nikawaambia: ni faulo. Mtupaji ana haki ya nafasi yake, na Hart aliiingilia. Haikupita muda mrefu taarifa ikatoka: mkuu wa marefa wa mechi ile, David Guthrie, amekiri kwamba baada ya kutazama marudio, mgusano ule ulizidi kiasi na faulo ilistahili kupulizwa.

"Si huyo!" akaruka bin ami yangu. "Mwizi kakiri!"

"Kakiri kosa, yakhe," nikamwambia. "Aliyeiba hangekuja kutia saini usiku uleule."

Mwingine akauliza mbona kocha wa Detroit hakudai marudio, ilhali tangu msimu wa 2019-20 makocha wana haki hiyo. Nikawaeleza kwamba kocha hupinga filimbi iliyopulizwa. Filimbi iliyonyamaza haipingiki. Hapo baraza zima likatulia, kwa sababu sasa palikuwa na kitu cha kushikika. Si refa aliyeuzwa. Ni kanuni yenye tundu, na tundu hilo laweza kujadiliwa: je, sekunde za mwisho za mchujo zingeruhusu pingamizi la namna hiyo? Mechi zingekwisha lini? Tulibishana mpaka usiku wa manane, na sijapata kuona ubishi mtamu kama ule. Wakarudia picha ile kwenye simu mara nyingi, na mmoja wao, bila kuambiwa, akasema, "Ngoja, mpira nshauona. Refa yuko wapi?"

Kanuni mbovu naijua kwa karibu. Mpaka 2017 kanuni za FIBA zilikataza kufunika kichwa uwanjani. Mwaka 2014, katika Michezo ya Asia kule Incheon, wasichana wa Qatar waliambiwa wavue hijabu, wakakataa, wakajitoa. Refa aliyewazuia hakuiba kitu wala hakukosea kusoma, aliisoma kanuni kama ilivyoandikwa. Wanawake waliocheza wakiwa na hijabu, akiwemo Bilqis Abdul-Qaadir wa Marekani, wakapigania mabadiliko miaka kadhaa, na Mei 2017 FIBA wakairekebisha, ikaanza kutumika Oktoba mwaka huohuo. Wangepiga kelele za "tumeonewa na refa" peke yake, refa angebadilishwa na mwingine angekuja na kitabu kilekile. Walikilenga kitabu. Leo nikiandika majina ya wasichana kwenye karatasi ya alama kabla ya mechi, wako waliojifunga hijabu zao barabara, na hakuna anayewauliza swali.

Ami hajakubali kuhusu 2002, nami sijamwomba akubali. Ninachomwomba ni kwamba akiitaja ile 27 ataje na ile 14. Jumapili iliyopita aliitaja ile 14, shingo upande, mbele ya watu wote. Kisha akaweka kikombe chini akasema robo ile ya nne ya mechi ya sita tuitazame upya, filimbi moja baada ya nyingine, na mimi nije na kalamu zangu.