Nyuzi za Maalim

Ijumaa, 7 Machi 2025. Milton Keynes

Tiketi nimekata. Heathrow, Doha, Unguja. Kuondoka Alhamisi ya tarehe 27, ili Idd inikute nyumbani. Miaka minane! Nimetoka zamu ya usiku ghalani, nikalala saa mbili tu, nikaamka kumpigia Mama. Nilidhani atalia. Akaniuliza: "Unakuja kweli, au unakuja kama mwaka juzi?" Mwaka juzi nilisema nakuja, nikatuma pesa badala yangu.

Jioni nikaomba viza, dola 50. Pasipoti yangu ni ya Uingereza na Tanzania haina uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mtoto wa Malindi ya Unguja amekaa mbele ya kompyuta anaeleza sababu ya safari yake. Nimeandika: matembezi. Palipoulizwa nitafikia wapi, nimeandika nyumba niliyozaliwa.

Jumapili, 9 Machi

Habari imeshafika mitaani, maagizo yameanza. Dada anataka simu ya mwanawe. Shangazi, dawa ya kuchua magoti. Jirani mmoja ambaye hata uso simkumbuki anataka viatu namba 43, vyeusi, visiwe vya kichina.

Maalim wangu wa ganuni peke yake hakuniomba cha dukani. "Simu ninayo, mwanangu. Niletee nyuzi." Ganuni ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na zile nene za chini zimezungushiwa waya, upepo wa chumvi unazila. Najua anavyofanya zikikatika: anabakisha mbili pale palipokuwa na tatu, anaendelea. Nimeagiza seti mbili kutoka Istanbul.

Jumatano, 12 Machi

Wiki iliyopita nilimtumia rekodi ya shoo ya Novemba, ile niliyopiga na mpiga piano na mpiga dramu. Kusema kweli nilitaka asikie makofi tuliyopigiwa. Leo baada ya tarawehe amenijibu kwa sauti: "Mkono mwepesi, mashaallah. Lakini Rast yako imenyooka."

Nimeisikiliza mara sita. Kweli imenyooka.

Sauti ya tatu ya maqamu ya Rast haina kibao kwenye piano. Inakaa baina ya cheupe na cheusi, na ukiikosa hapo umeikosa Rast yenyewe. Siku ya kwanza ya mazoezi, mwenzangu yule wa piano, mtu mwema kabisa, alisema kuna nyuzi zangu zimelegea. Nikazipandisha kwa kigingi kidogo cha shaba. Sikubishana, nilikuwa mgeni, nataka kazi. Miaka mitano sasa kigingi kile sijakishusha, na sikio limefuata kigingi.

Nikamwuliza nifanye nini, maana Ramadhani vyombo tumevifunika. "Iimbe kwa mdomo. Sauti hiyo moja tu. Mpaka Idd."

Jumapili, 16 Machi

Naiimba nikipanga maboksi, naiimba nikioga. Ghalani hakuna anayejali. Kule kila mtu ana lake masikioni. Binti yangu, mwenye miaka tisa na mwaka wa pili wa piano shuleni, amesimama mlangoni mwa jiko nikikoroga uji wa futari. "Baba, hiyo umekosea." Akanionyesha ya sawasawa. Ilikuwa ya kwenye kibao, safi kabisa.

Nilitaka kumweleza. Adhana ya kwenye simu ikalia, tukashika tende.

Jumatano, 19 Machi

Dakika 40 na watu wa ndege. Ganuni inakaribia mita moja, haiingii juu ya viti. Ama niinunulie kiti, ama iende chini na masanduku. Kiti kimoja ni nusu ya pesa zote nilizowekea safari. Na chini siipeleki: daraja lake linakalia ngozi ya samaki, mkandamizo mmoja wa sanduku la mtu na ngozi imepasuka. Inabaki.

Sisi tuliolelewa kwenye taarab tunaijua hadithi ya Mohamed bin Ibrahim, aliyepelekwa Misri na Sayyid Barghash akajifunze ganuni, akarudi akawafundisha wenzake. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928, akarudi ameacha sauti yake kwenye santuri. Mimi narudi na viatu namba 43.

Jumapili, 23 Machi

Nimepima begi mara nne. Nimetoa chokoleti, nimerudisha chokoleti. Nimetia kanzu mpya, nyeupe, ya kwenda nayo kwa Baba. Alipozikwa, 2021, nilikuwa ghalani na simu mkononi. Niliona jeneza likitoka mlangoni, nikaona mgongo wa kaka, na walipofika msikitini picha ikakwama. Sijapata kumwuliza mtu yeyote yaliyofuata. Nitamwuliza kaka, tukiwa wawili.

Jumatano, 26 Machi, usiku

Nyuzi zimefika jana, siku mbili kabla. Ziko kwenye begi la mkononi pamoja na risha mbili za akiba. Begi kubwa likipotea, waliokosa watanisamehe. Hizi sizitoi mkononi.

Maalim amepiga. Idd pili kuna taarab, na kwenye ganuni nitakaa mimi. Yeye atakaa nyuma yangu. Nikamwambia ningependa kwanza kusikiliza usiku mmoja. "Umesikiliza miaka minane," akasema. Huku wimbo naukata uwe wa dakika nne, watu wasichoke. Kule utangulizi wenyewe hauishi kwa dakika nne, na mama mmoja akiinuka kutuza, kibwagizo kinarudiwa mpaka afike mbele na arudi kwenye kiti chake. Mikono inanitoka jasho nikiandika hivi.

Nimelegeza nyuzi za ganuni kidogo, nikashusha kile kigingi, nikaifunika na kuisukuma chini ya kitanda.

Basi la Heathrow ni saa tisa usiku. Saumu ya kesho nitailipa Shawwal.