Habari Niisikie Kwako Kwanza

Kwetu Pangani habari huvuka mto kabla ya mwenye habari. Mji uko upande mmoja, Bweni iko ng'ambo, na pantoni inayotuunganisha ndiyo baraza letu kubwa. Wachuuzi wa samaki, wanafunzi, waendesha bodaboda na wagonjwa husimama humo bega kwa bega, na kabla pantoni haijafika upande wa pili, aliyeoa, aliyeachwa na aliyefilisika wameshatajwa. Ni humo nilimosikia, mwaka 2008, kwamba mume wangu wa kwanza ameongeza mke.

Alikuwa Mererani, akitafuta tanzanite. Mtaji wa safari ulitoka kwenye biashara yangu ya nazi, na nilimpa kwa moyo mmoja. Mwanzoni alituma fedha kwa makondakta wa mabasi, ndani ya bahasha yenye barua fupi. Kisha bahasha zikakoma. Siku hiyo mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Pole, mwenzangu. Umelipokea kwa subira, Mungu atakulipa." Nikamuuliza, pole ya nini? Akanitazama, akawatazama wenzake, kisha akainama kupanga upya tenga lake la samaki. Nikaelewa kwamba wote waliokuwa pale walijua ila mimi.

Kuoa mke wa pili dini inamruhusu, na mtaji ukipotea hutafutwa mwingine. Kilichonivunja ni kwamba aliniacha niambiwe na watu. Tangu siku hiyo kila kicheko cha barazani nilikisikia kama kinanihusu.

Talaka ilikuja, nikakaa eda, nikabaki na nyumba niliyorithi kwa mama yangu na kifuo cha kufulia nazi. Wakati huo alipita msaidizi wa kisheria katika kata yetu, akatueleza wanawake kuhusu Bi Hawa Mohamed, ambaye kesi yake ilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Katika hukumu ile Mahakama ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Mimi sikuwa na cha kugawana na mtu, lakini nilitoka pale nimenyooka mgongo. Nilikuwa nimezoea kuhesabu nilichopoteza. Sasa nilianza kuhesabu nilichokuwa nimekifanya.

Wahenga walisema nazi mbovu harabu ya nzima. Kwa muda mrefu niliwapima wanaume wote kwa ile moja iliyooza. Shangazi yangu alinihimiza niolewe. "Mwanangu, nyumba bila mwanamume haina mlango," alisema. Nilimwitikia "Ndiyo, shangazi," kwa adabu, na mlango wangu nikaufunga kila magharibi.

Kilichoanza kunilegeza ni kikoba. Tulikutana kila wiki chini ya mwembe, kila mmoja akanunua hisa zake, fedha zikahesabiwa mbele ya wote, kisha sanduku likafungwa kwa kufuli tatu na funguo zake zikakaa kwa watu watatu tofauti. Hakuna aliyeziona kufuli zile kuwa ni tusi. Tuliaminiana, na tulihesabu. Mpaka hapo nilidhani mtu anayeamini hafai kuuliza, na anayeuliza ameshaacha kuamini. Pale chini ya mwembe niliona mambo hayo mawili yanakaa sanduku moja.

Mume wangu wa pili nilimfahamu kwa biashara. Alikuwa mgane mwenye watoto wawili, mwenyeji wa Kipumbwi, na mashua yake ilileta nazi kutoka vijiji vya pwani ya kusini. Nazi kwetu huhesabiwa kwa mikono: mpokeaji huchukua mbili kwa mpigo, moja kila mkono, anataja idadi kwa sauti na kuzitupa kwenye chungu. Kila ikitimia mia, nazi moja hutengwa pembeni iwe alama, na mwisho wa kazi zile za pembeni ndizo zinazosema ni mia ngapi. Wenye vyombo wengine walitaka nipokee kwa idadi waliyokuja nayo, kwa kuwa maji yanakupwa na wana haraka. Yeye aliketi ukingoni mwa mashua na kusema, "Dada, hesabu mwenyewe. Mimi ninaweza kusahau." Nikihesabu, alihesabu nami kwa midomo tu, bila sauti. Nikitikisa nazi na kusikia maji yake yanalia vibaya, aliipokea bila neno na kuiweka upande wake.

Hayo yalikuwa ya biashara tu, na moyo wangu ulibaki palepale. Ulihama msimu wa kusi.

Kusi ikivuma, pale mto unapokutana na bahari mawimbi huvunjika vibaya, na chombo kilichojaa kinaweza kupinduka watu wakiuona mji. Asubuhi moja mashua yake ilijaa maji palepale, ikiwa na mzigo ambao nilikuwa nimekwisha kuulipia nusu. Watu wote walipona. Nazi hazizami, zilitawanyika zikaelea kuelekea ufukweni, na watoto wakaanza kuziokota. Kwa mji kama wetu, kila nazi iliyofika mchangani ilikuwa mpiga mbiu.

Nilikuwa uani nafua nazi niliposikia hodi. Alisimama mlangoni, nguo zimemganda mwilini, mguu mmoja hauna kiatu, na pamoja naye baharia wake mmoja. Hakukaa. "Dada, mzigo wako umemwagika mlangoni mwa mto," alisema. "Nimekuja kabla hujaambiwa na mtu. Huyu alikuwepo, muulize utakalo. Deni ni langu." Kisha akataja kiasi nilichomlipa, kwa usahihi, na namna atakavyokirudisha kidogo kidogo. Walipoondoka ndipo nikawasikia watoto wa jirani wanapita mbio na nazi mikononi, wanapiga kelele kwamba mashua imezama.

Nilibaki nimesimama na nazi iliyofuliwa nusu bado imechomeka kwenye kifuo. Hasara ilikuwa kubwa kwangu, na usiku sikulala kwa kuipigia hesabu. Lakini nililia kwa jambo jingine kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya pantoni, jambo lililonihusu lilikuwa limefika kwangu kabla ya kufika kwa watu.

Deni alilimaliza, mengine kwa fedha, mengine kwa nazi. Mazungumzo ya deni yakazaa mengine. Akanisimulia maradhi yaliyomchukua mkewe na jinsi mtoto wake mdogo alivyokataa kulala peke yake. Mimi nikamsimulia Mererani. Mji nao haukulala: tukizungumza sokoni asubuhi, jioni Bweni walikuwa wamekwisha kutuoza. Safari hii maneno yao hayakunichoma, maana hakuna walichokisema ambacho sikuwa nakijua.

Alipoleta posa mwaka 2015, shangazi alimhoji hadi chai ikapoa. Mimi nilikuwa na langu. Nilishafahamu kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haihamishi mali ya mke kwenda kwa mume kwa sababu tu wameoana, lakini nilitaka tuyaseme hayo mbele ya wazee na tuyaandike. Hakununa. "Nyumba ni yako, mashua ni yangu na wanangu," alisema, "na tutakachochuma pamoja ndicho chetu." Kisha nikasema lililokuwa moyoni: sikuombi uniahidi kwamba hutapata hasara, wala kwamba moyo wako hautabadilika, naomba habari yako, nzuri au mbaya, niisikie kwako kwanza. Wazee wakatazamana. Yeye akajibu, "Na yako pia iwe hivyo."

Jibu lile ndilo lililonibadilisha zaidi, maana mimi nilikuwa nimefikiria upande mmoja tu. Mgao wa kikoba uliofuata nilikuwa na akiba ambayo hakuna mtu duniani aliyeijua. Nilimwambia kiasi chake usiku, mimi mwenyewe, bila kuulizwa. Akanisikiliza, akasema, "Fedha zako. Unataka kufanyia nini?" Nikajua nimepona.

Sasa Pangani inabadilika. Lami imefika, na ujenzi wa daraja la mita 525 juu ya mto umewafanya wenye vyombo wapige hesabu upya, kwa sababu mzigo ukipata lori hautaisubiri mashua. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kazi yake itapungua, na kwamba anaogopa. Tunapanga pamoja, na baadhi ya usiku tunabishana sana.

Nawaomba akina shangazi wa mji wetu wasiwaharakishe wanawake walioachwa. Waacheni wahesabu, waulize, waandike; hiyo si chuki kwa wanaume. Na wewe binti unayeposwa kwa mara ya pili, maneno matamu yapokee kwa shukrani, lakini usiyafanye kipimo. Subiri siku atakayokuwa na habari mbaya mikononi. Angalia anakwenda nayo wapi kwanza.