Mistari Myekundu Chini ya Kiswahili

Nguo ya kuazima, wahenga walisema, haisitiri maungo. Sasa ya kuiba je? Nauliza, ndugu msomaji, kwa sababu kompyuta nyingi nilizokutana nazo huku kwetu Didia zimevaa nguo ya wizi. Windows ya kunakili, ufunguo umeokotwa kwenye flashi ya fulani, basi kazi inaendelea. Wala hatuoni haya, maana hakuna aliyetuambia kwamba ipo nguo nyingine, ya halali, isiyolipiwa hata senti.

Mama yangu mdogo ana steshenari hapa senta, kwenye barabara ya kwenda Tinde. Anatoa fotokopi, anachapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za msingi, na kumbukumbu za vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa. Kompyuta anayo moja tu, Dell kuukuu ya mezani. Kila baada ya miezi miwili mitatu, virusi kutoka flashi za wateja viliiangusha. Fundi alikuja kutoka mjini, akafuta kila kitu, akaweka Windows upya ile ile ya kunakili, akapokea shilingi 20,000 na nauli yake. Mwaka 2024 mitihani ya majaribio ya shule mbili ilipotea usiku wa kuamkia siku ya kuitoa. Shule moja haikurudi tena kwake. Kwa duka la mtu mmoja, hilo si jambo dogo. Ni ada ya mtoto.

Halafu ikaja Oktoba 2025. Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10 kwa masahihisho ya kawaida ya usalama, na ile Dell haikuwa na uwezo wa kubeba Windows 11. Nikamwambia, "Mama, tuweke Linux."

"Bei gani?"

"Bure."

"Wee baba, cha bure kina mwiba. Nani kakaa akatengeneza kitu kizima halafu akakigawa?"

Swali lake ni la haki, tulijibu. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kumpa jirani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki huko Finland, akatoa kiini cha mfumo kinachoitwa Linux, na maelfu ya watu wakakijenga naye. Wapo wanaojitolea, na wapo wanaolipwa na makampuni yanayokitegemea. Nilimwambia mama mdogo, ni kama michembe. Nani mwenye michembe? Kila nyumba ya Kisukuma inajua kukata viazi na kuvianika, na hakuna anayekuja kudai chake. Ukigundua njia bora ya kukausha, jirani ataiona uani kwako naye ataifuata. Akacheka. "Haya, weka. Ila ukiniharibia, wewe ndiye fundi."

Kwa mgeni, mimi napendekeza Linux Mint, toleo la Xfce, kwa kuwa halichoshi mashine ya zamani na lina kitufe cha menyu pale pale chini kushoto ulipozoea. Unaliweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kwa flashi hiyo, unalijaribu kabla hujagusa kilichomo ndani. Ukishaliweka, usihangaike na mamia ya programu. Chache zinatosha. LibreOffice kwa barua na mahesabu. Inafungua mafaili ya Word na Excel, na ukikuta mpangilio umesogea kidogo, mara nyingi ni aina ya herufi tu. Firefox kwa intaneti. VLC kwa video na muziki. Chimbuko lake ni wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi Ufaransa. GIMP kwa kusafisha picha za pasipoti. Timeshift kwa kuurudisha mfumo ulivyokuwa kabla ya kuharibika, ingawa mafaili yako mwenyewe unakili pembeni. Na kwa walimu, Kiwix, inayokuwezesha kusoma Wikipedia, hata ya Kiswahili, pasipo intaneti. Virusi vile vya flashi vilivyoandikiwa Windows vinalala humo kama mawe.

Sitakudanganya kwamba kila kitu ni asali. Printa moja ya zamani iligoma katakata, ikabidi tuuze na kununua nyingine. Zipo pia programu za uhasibu zinazotaka Windows tu. Ulizia kwanza, ndipo ufute.

Lakini kilichonigusa zaidi si bei. Miaka yote, mama mdogo alipochapa barua ya Kiswahili, kompyuta ilipiga mistari myekundu chini ya kila neno. Mheshimiwa, kosa. Shikamoo, kosa. Alizoea, akaniambia, "Mashine ya Kizungu, itajuaje?" Nilipoweka kamusi ya Kiswahili ndani ya LibreOffice, mistari ikapotea, ikabaki michache, na ile michache ilikuwa makosa ya kweli. Akauliza nani kaifundisha.

Waliifundisha watu wa huku huku. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliofadhiliwa na Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Watu waliketi wakabishana neno kwa neno hadi kompyuta ikasema "faili" na "hariri". Hawakulazimika kuomba kibali kwa kampuni yoyote, kwa sababu programu ilikuwa huria. OpenOffice ndiyo iliyozaa LibreOffice mwaka 2010. Kiswahili kimo humo hadi leo, ila tafsiri haijakamilika. Menyu nyingine zinakugeukia Kiingereza katikati ya sentensi.

Hapo ndipo ninapokuja kwako, kijana mwenzangu unayesoma gazeti hili. Sisi tunaojiita waandishi tunalalamika kwamba lugha yetu inadharauliwa na mashine. Na nani aikamilishe? Mtu wa Helsinki hatajua tofauti ya "hifadhi" na "weka". Huhitaji kujua kuandika programu. Unahitaji Kiswahili fasaha, intaneti ya vocha, na saa moja Jumapili. Programu huria imetuachia mlango wazi, na mlango wa wazi bila mtu wa kuingia ni upepo tu. Wewe unayetumia bure, toa walau neno moja.